Mpiga Taipu wa Dawati la Simu

Mama mdogo wangu alikuwa na ugonjwa wa kalamu nyekundu. Nauita ugonjwa kwa sababu sina neno jingine, na kama wewe unalo, kaa nalo. Jina la mtu likiandikwa mahali popote ndani ya nyumba yetu, yeye alipita akalipiga mstari mwekundu katikati, kimya kimya, kisha akaendelea na shughuli zake. Kadi za harusi. Bili ya maji. Gazeti lililofungia vitunguu. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu akauliza nani kalifuta jina langu kwenye madaftari yote sita. Nikasema ni mama mdogo. Nikachapwa kwa uongo ambao haukuwa uongo. Nilirudi nyumbani makamasi yananichuruzika, mama akamgeukia mdogo wake: "Na mtoto naye kakukosea nini?" Mama mdogo akajibu, "Jina lisikae wazi hivyo," akaenda zake kuanua nguo.

Jambo la pili lilikuwa simu. Hakuna aliyewahi kumwona anapokea. Ikilia, anasimama. Vidole vyake vinatafuta ukingo wa meza, vinaanza kuchezacheza pale, tap tap tap, macho yanatazama ukutani. Ikinyamaza, anakaa. Sisi watoto tulikuwa tunamfanyia makusudi, tunakwenda kwa jirani kupiga simu ya nyumbani ili mmoja wetu achungulie dirishani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Historia yake ilikuwa fupi, au ndivyo tulivyodhani. Alijifunza kupiga taipu akiwa na miaka kumi na saba, katika chuo kimoja kilichokuwa juu ya duka la viatu. Akaajiriwa kwenye gazeti. Akakaa miaka minane. Siku moja akaacha, hakusema kwa nini, akaenda kuwa karani wa shule ya sekondari, akachapa mitihani hapo miaka ishirini na minne bila kosa hata moja, kwa sababu kila ukurasa aliusoma mara saba. Mkuu wa shule alimsifu hadharani, yeye akaomba ruhusa akatoka nje. Mchumba alimpata mmoja, muuza dawa, mtu mpole mwenye mikono misafi. Yule bwana akafanya kosa la kumwalika sinema. Mama mdogo alimwacha mlangoni na tiketi mbili mkononi, akarudi kwa miguu, na barua za yule bwana hakuzijibu tena. Nyumbani hilo nalo tulilifanya kichekesho. "Muuza dawa alikosa dawa," mama alikuwa akisema.

Sasa mimi ni fundi cherehani. Nawashonea watu wa filamu, kazi ambayo ukiitaja watu wanadhani unakula meza moja na mastaa, kumbe unatambaa sakafuni na pini mdomoni, unapunguza suruali ya mtu anayenung'unika. Mwaka juzi nikapewa kazi kwenye filamu ya mwandishi wa habari. Filamu za namna hiyo nazijua. Lazima pawe na koti refu, sigara, na mtu anayekimbia kutafuta simu. Nikalikata koti, nikalitandaza mezani sebuleni nitie mifuko. Mama mdogo akapita na kikombe chake cha chai. Akasimama.

"Mfuko wa kushoto ulikuwa umetoboka," akasema. "Alikuwa anadondosha kalamu njia nzima."

"Nani?"

"Koti."

"Koti gani, mama mdogo? Mbona hili bado jipya?"

"Mwenye koti. Tulimwita Koti."

Nilitoa pini mdomoni. Ni kweli, mtu aliyekuwa anatengenezewa filamu aliitwa hivyo, niliona kwenye makaratasi ya kazi: mwandishi wa zamani, jina la utani Koti, amefariki miaka minane iliyopita katika chumba cha kupanga. Lakini kwamba mama mdogo wangu, huyu huyu wa kalamu nyekundu, alikuwa anajua tundu la mfuko wake! Nikamvutia kiti. Akakaa nusu kiti, kama mgeni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisimulia.

Yeye alikuwa wa dawati la simu. Waandishi waliokuwa mbali walipiga simu, yeye akavaa hedifoni, wao wakasoma habari zao na yeye akachapa papo hapo, kasi ya maneno yao. Koti alikuwa mmoja wao. Alivaa lile koti jua lichome, mvua inyeshe, kwa sababu aliona waandishi kwenye filamu wanavaa. "Alikuwa ananuka jasho," mama mdogo akasema, akatabasamu! Ofisi nzima ilipenda filamu za waandishi. Ikija mpya mjini wanakwenda kundi, wanakaa safu ya nyuma, wanazomea. Maana kwenye filamu zile mwandishi anakimbilia simu, anapiga kelele, "Andika!", anakata, na picha inayofuata gazeti liko barabarani. Aliyeandika hayupo. Hana hata mkono. Hapo Koti alikuwa akimwinamia mama mdogo anamnong'oneza, "Umesahauliwa tena, dada."

"Mlikuwa wapenzi?" nikauliza.

"We mtoto una adabu kweli?"

Nikajua sipati zaidi. Kesho yake nikafanya umbea wangu, nikamweleza mwongozaji wa filamu. Huyu alikuwa binti mdogo tu, mwembamba, haketi, na kila kitu kwake kilikuwa "cha ajabu". Akanishika mabega. "Una mama mdogo aliyechapa habari za Koti? Yuko hai? Mlete! Mwigizaji wangu anaipiga taipu kama anaua mende!"

Nilidhani mama mdogo atakataa. Akauliza kitu kimoja tu: "Wataonyesha siku ya habari ya unga?" Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo filamu yenyewe. Akaenda kutafuta viatu vyake vya kutokea.

Habari ya unga watu wa umri wa mama yangu wanaikumbuka. Unga uliooza ulikuwa unatolewa ghalani unapelekwa shule za bweni, na watoto wakafa. Karani wa stoo wa pale ghalani, kijana mwenye mke na mtoto, akamweleza Koti siri yote, na namba za malori akampa. Habari ikatoka. Na jina la yule karani likatoka nayo, wazi, gazetini, pamoja na mahali nyumba yake ilipo. Siku mbili baadaye watu walikuja na gari wakamchukua. Hakuonekana tena, wala mwili wake. Mji mzima ukasema Koti kamuuza karani ili habari yake iwe na uzito, ili asifiwe. Koti hakujibu neno, si siku ile wala siku nyingine yoyote hadi anakufa.

Basi tukaenda. Walikuwa wamejenga chumba cha gazeti ndani ya bohari, madawati, mashine za taipu, kalenda ya zamani ukutani. Mama mdogo aliingia akageuza kiti kimoja kikatazama upande mwingine, akasema, "Sasa sawa." Mwigizaji alikuwa msichana mzuri mwenye kucha ndefu za kubandika. Mama mdogo akazitazama. "Hizo ng'oa," akasema. Zikang'olewa. Asubuhi nzima akamfundisha: mgongo wima, viwiko karibu, usitazame vidole, kengele ikilia rudisha mkono hapa. Alikuwa mkali na alikuwa na raha. Nilikaa kwenye kona na sindano zangu nikajisifu moyoni kwa wema wangu.

Ukutani, mbali kidogo na taa, alikaa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mkoba juu ya mapaja. Nilikwenda kumwomba asogeze kiti nipitishe nguo, tukaongea. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa binti wa yule karani wa stoo. Alikuwa amewaazima picha ya baba yake, na siku zote za kupigwa picha tukio la unga alichukua ruhusa kazini ili awepo.

"Si inakuumiza, dada?" nikamwuliza.

"Itaniumiza nisipokuja," akasema. "Nataka nimsikie huyo Koti wao anavyolitaja jina la baba. Nilikuwa na miaka sita. Tangu hapo sijui hata sauti ya kuichukia ni ipi."

Saa sita wakafanya jaribio. Mwigizaji wa kiume, ndani ya koti langu, akasimama kwenye kibanda cha simu cha mbao, na msichana akakaa kwenye mashine, mama mdogo nyuma yake. Yule bwana akasoma habari kwa simu. Alipofika pale, akatabasamu tabasamu la mtu anayejua picha yake itatoka ukurasa wa kwanza, akasema: "Haya nimeambiwa na karani wa stoo." Akalitaja jina, la kwanza na la pili. "Nyumba ya pili nyuma ya ghala. Liandike jina lote, dada, nataka wajue sikubahatisha."

Mama mdogo akasema, "Hakusema hivyo."

Alisema kwa sauti ndogo, nadhani ni mimi na msichana tu tuliosikia. Mwongozaji akapiga makofi, "Ajabu! Ajabu!" Binti wa karani, pale ukutani, alikuwa ameuminya mkoba wake kwa mikono miwili. Mama mdogo akamwangalia. Akaniuliza yule ni nani, nikamwambia. Akachukua kitambaa chake akatoka, na mimi mbio nyuma yake, pini zimenijaa kifuani.

Nyumbani akaenda moja kwa moja jikoni, akachukua sufuria safi akaanza kuisugua. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, mama mdogo, leo utasema. Akasema bila kugeuka.

Pale dawatini palikuwa na utaratibu. Mhariri hakukubali habari nzito bila kumjua aliyeitoa, kwa hiyo mwandishi alilazimika kumtaja. Akifika hapo anasema "nyekundu", na mpiga taipu anarudia, "nyekundu", ili mwandishi ajue amesikika. Utepe wa mashine ulikuwa na rangi mbili, juu nyeusi, chini nyekundu. Unasukuma kijiti pembeni, maneno yanatoka mekundu. Mwandishi akimaliza siri anasema "nyeusi", unarudisha. Mafundi wa chapa chini walikuwa na amri moja: chochote chekundu hakipangwi. Ni cha mhariri peke yake.

"Wiki ile stoo ya gazeti ilikuwa na tepe nyeusi tupu," akasema. "Tukakubaliana, ukisikia nyekundu, chapa tu, ukimaliza ukurasa rudi na kalamu nyekundu uyakate maneno hayo. Wiki nzima tulifanya hivyo. Ni kitu cha nusu dakika."

"Na Koti alisema?"

"Alisema nyekundu. Nikamjibu nyekundu. Akalitaja jina, akataja nyumba, akasema nyeusi. Akanishukuru. Nikautoa ukurasa nikautia kwenye kapu la kwenda chini." Sufuria ilikuwa inalia chini ya mkono wake. "Kalamu ilikuwa hapa, mwanangu. Hapa, kando ya mkono. Mhariri alikuwa ametoka. Msaidizi wake akausoma kabla haujashuka, akaona ni jambo zuri hilo, jina na nyumba, akalipitisha. Mhariri aliporudi na kuona gazeti aliuchoma ule ukurasa wangu kwenye debe la taka. Akaniambia nifunge mdomo, na yeye ataufunga wake."

"Kwa nini hukukata? Nusu dakika!"

Akaacha kusugua.

"Kulikuwa na filamu," akasema. "Ya waandishi wa habari. Siku ya mwisho ya kuonyeshwa, onyesho la saa kumi. Nilikuwa nachelewa."

Mimi ni mtu wa mdomo, kila anayenijua atakuambia. Siku ile nilikaa chini, sakafuni, na mdomo sikuuona ulipo. Yeye akaendelea. Siku ya tatu baada ya karani kuchukuliwa, simu ikalia dawatini, akavaa hedifoni, alikuwa Koti. Akaweka karatasi kwenye mashine kwa mazoea. Koti hakusoma habari. Akauliza, "Umeliona gazeti?" Akamjibu, "Nimeliona." Koti akawa anasikika anapumua tu. Kisha akasema, "Haya," akakata.

"Nilisubiri aniseme," mama mdogo akasema. "Kila asubuhi nilikwenda kazini nikijua leo atanisema. Hakunisema. Sijui kwa nini, usiniulize. Simu ikilia hapa nyumbani ni yeye. Usinitazame hivyo, sina wazimu. Nikiinua mkono wa simu nitamsikia anapumua. Na nikiliona jina la mtu limekaa tupu kwenye karatasi, mwili mzima unanisisimka, naona gari linakuja."

Hapo mdomo wangu ukarudi, na ukarudi vibaya. Nilimwambia miaka thelathini na sita! Nilimwambia ulimwacha mtu anatemewa mate njiani, amekufa peke yake chumbani, na wewe unachapa mitihani! Nilimwambia na yule mwalimu wa watu amekaa pale na mkoba wake anajifunza kumchukia marehemu asiye na kosa. Mama mdogo akawa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu." Kila tusi ndiyo. Mpaka nikaishiwa, nikamkumbatia na maji ya sabuni yake yote, tukalia kama tuna msiba, na kwa kweli tulikuwa nao.

Nilipopoa, woga ukaniingia. Binadamu ndivyo tulivyo. Nikaona yule dada anamrukia mzee wangu, naona magazeti, naona majirani mlangoni. Nikamwambia asirudi kule, nitasema anaumwa. Akasema wakiipiga ile picha imekwisha, itazunguka kila mahali, na Koti atakuwa hivyo milele. Hilo lilikuwa kweli. Basi nikambembeleza: "Kama lazima useme, sema. Lakini sinema usiitaje. Sema ulikuwa na homa. Sema dada yako alikuwa hospitali. Kosa ni lile lile, hakuna anayepunjwa. Ila sinema, mama mdogo, sinema hakuna mtu ataimeza."

"Nitaona," akasema.

Siku tatu baadaye mwongozaji akatuita. Msichana alikuwa anapiga vizuri kwa macho, lakini kwa masikio bado alikuwa anajikwaa, kwa hiyo walitaka sauti ya taipu ya mama mdogo waiweke juu ya mikono ya msichana. Chumba cha sauti kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa magodoro, kuna mashine moja, kiti kimoja na maikrofoni. Mwigizaji wa kiume alisimama upande mmoja ili asome, mama mdogo afuate mwendo wake. Sisi wengine tulibanana mlangoni: mwongozaji, mtu wa mitambo, mimi, na yule dada, ambaye aliomba aingie na nani angemkatalia.

Wakamvalisha mama mdogo hedifoni. Nikaona mabega yake yanashuka, mgongo unanyooka, akawa msichana wa miaka ishirini na saba mwenye nywele nyeupe. Mwigizaji akaanza. Na vidole vile! Sijawahi kusikia kitu kama kile, mvua tupu. Bwana akasoma malori, akasoma tarehe, akafika: "Haya nimeambiwa na karani wa stoo—"

"Nyekundu," mama mdogo akasema, kwa sauti kavu ya kikazi.

Mtu wa mitambo akasimamisha. Mwongozaji akacheka kidogo. "Mama, samahani, usiseme kitu, tunachukua sauti ya mashine tu." Wakarudia. Malori, tarehe, karani wa stoo.

"Nyekundu."

"Mama yangu jamani, nini hiyo nyekundu?"

Mwigizaji akajaribu mara ya tatu. Safari hii mama mdogo aliondoa mikono kwenye mashine kabla jina halijatajwa, akavua hedifoni, akazilaza juu ya meza. Zilikuwa zinatoa mlio mdogo. Akageuza kiti chake kumwelekea yule dada, si mwongozaji.

"Koti hakulitoa jina la baba yako," akasema. "Alilitaja kwangu kwa siri, kama utaratibu ulivyotaka, na mimi nikamhakikishia kwamba nimesikia. Kazi ya kulificha ilikuwa yangu. Sikulificha. Mimi ndiye niliyelitoa."

Akaeleza utepe, akaeleza kalamu, akaeleza kapu. Hakutafuta huruma, hakulia hata chozi moja. Alieleza taratibu, akisimama kila mwisho wa sentensi, kama vile anamsomea mtu anayechapa. Mwongozaji alikuwa ameshika kichwa.

Yule dada hakumrukia mtu. Alikuja akasimama mbele ya meza, akaweka mkoba chini, akawa anaitazama ile karatasi kwenye mashine.

"Kukata mstari kunachukua muda gani?" akauliza.

"Nusu dakika."

"Na kalamu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Sasa ulikuwa na haraka ya kwenda wapi, mama?"

Nilimtolea mama mdogo macho. Nikajishika paji la uso, nikajipapasa shingo, nikafanya kila ishara ya homa ninayoijua. Aliniona, akageuza uso.

"Nilikuwa nakwenda sinema," akasema. "Onyesho la saa kumi. Filamu ya waandishi wa habari."

Yule dada akarudia neno lile, "Sinema," polepole, kama analijaribu mdomoni.

"Ulifika kwa wakati?"

"Nilifika. Walikuwa hawajazima taa."

"Ilikuwa nzuri?"

"Nilicheka, mwanangu," mama mdogo akasema. "Nilicheka sana."

Yule dada akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na nilimwona anahesabu saa. Gazeti lilitoka kesho yake asubuhi. Gari lilikuja siku mbili baadaye.

"Saa kumi ile baba alikuwa nyumbani," akasema. "Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alinibeba mgongoni tukazunguka ua mzima, mama anatukimbiza na ufagio. Sisi pia tulikuwa tunacheka."

Akainama akachukua mkoba wake. Akamwambia mwongozaji waandike upya, Koti aseme alivyosema. "Na mpiga taipu mumtie," akasema. "Sinema pia mtie. Mwonyesheni amekaa mle ndani anacheka."

Mama mdogo akanyoosha mkono. Yule dada akautazama muda mrefu, akauacha pale pale ulipo, akatoka.